Anayebadilisha Kabla ya Mlima

Beni, tarehe 2 mwezi wa tatu 2024

Yaya Gérard,

Usimwonyeshe Mama barua hii. Nimeandika badala ya kupiga kwa sababu najua simu yako inashinda ndani ya kitenge chake, anangoja Jéthro aite. Kila nikipiga namsikia anavuta pumzi kabla ya kusema "Allô", na mimi najiona mwizi kwa kuwa Kitsa tu. Atakayekuletea ni Shafii, yule jirani yangu mwenye lori la kakao. Amesema nikuambie yeye si posta, na kwamba unamdai pampu uliyomwazima tangu mwaka jana, basi mmeshalipana.

Kinga ya Jéthro, ile baiskeli yake, imepatikana.

Kaa chini kwanza, halafu uendelee kusoma. Shafii ameileta juu ya magunia kutoka Mbau. Ilikuwa imeegemezwa kwenye ua wa kanisa, upande wa barabara, vizuri kabisa, kama ya mtu aliyeingia kuungama na atatoka sasa hivi. Hakuna aliyeona nani ameiweka pale. Unakumbuka alivyotoka hapa kwangu kabla ya Noeli, asubuhi, na ile jezi yake ya course, ya mashindano, akasema anakwenda mpaka Oicha kufanya mazoezi na atarudi kula. Siku hiyo risasi zililia upande ule, watu wakakimbia na magodoro yao, na yeye hatukumwona tena, wala mwili wake.

Nimeikagua baiskeli yote kwa mikono yangu. Haina damu. Haina mahali palipopinda. Mipira ina upepo, Yaya, baada ya miezi yote hii.

Kuna kitu kimoja tu sikielewi. Mnyororo umekaa kwenye pinyo kubwa kabisa ya nyuma, ile yenye meno mengi mliyokuwa mkiiita ya kupandia milima. Na barabara ya Mbau imelala sawasawa, hata maji ya mvua hayajui pa kwenda. Mimi nashona nguo, pedali ya cherehani yangu haina vitesse. Wewe ndiye fundi wa kinga, na wewe ndiye pacha wake. Niambie hiyo ina maana gani.

Mdogo wako,
Kitsa


Butembo, tarehe 6 mwezi wa tatu 2024

Kitsa, mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma nyuma ya atelier, nimeketi juu ya debe la grisi, na mteja aliponiuliza nina nini nimemwambia ni moshi. Usiuguse ule mkono wa vitesse, wa kubadilishia pinyo. Usioshe chochote.

Sasa nikueleze, maana umeuliza vizuri. Kwenye tambarare unaweka pinyo ndogo. Ni nzito, lakini pedali moja inakupeleka mbali. Kwenye mlima unaweka kubwa, mguu unakuwa mwepesi na mwendo unapungua. Hilo hata mbuzi anaweza kulijua. Kazi yote iko kwenye kuchagua wakati. Ukibadilisha mapema mno, miguu inazunguka bure na ule mwendo uliokuja nao unakufa. Ukichelewa, mnyororo unabeba uzito wako wote, unalia, unaruka meno, na siku moja unakatika.

Mimi huchelewa. Nimevunja minyororo mingi kuliko wateja wangu wote, na bado nangoja mpaka mguu uombe msamaha ndipo nibadilishe. Jéthro hubadilisha kabla. Anauona mlima kwa mbali, kidole kinasogea, tak, na kinga ikianza kupanda hakuna sauti. Unakumbuka Mama alivyotutofautisha? Hata marehemu Baba alikuwa akituchanganya mezani. Lakini Mama anakaa ndani anachagua maharagwe, anasikiliza ule mteremko wa kuja nyumbani. Mnyororo ukilia anasema, "Ule njo Gérard." Akisikia mipira tu juu ya changarawe, "Jéthro anakuya, mumuwekee chakula." Hakukosea hata siku moja.

Donc, kama ile pinyo ni yeye aliyeiweka, basi Jéthro aliona mlima mbele yake. Na kwenye barabara kuu, kati ya Beni na Oicha, mlima wa pinyo ile haupo. Ama mtu ameichezea, ama Jéthro hakuwa barabarani.

Jambo la pili, na hili ndilo linaloninyima usingizi. Tante Rébecca anataka tuzike mgomba mahali pake, baada ya Pasaka. Anasema tumengoja inatosha, kilio kisichozikwa kinaoza ndani ya nyumba. Mama bado hajakubali. Nawe unajua desturi ya nyumba yetu kwa mapacha, hata jina lako Kitsa umepewa kwa sababu ulitufuata sisi: anachofanyiwa mmoja afanyiwe na mwingine. Nitashuka shimoni, nilale kando ya mgomba. Mama atasimama juu na kuniita kwa jina langu, na mimi nitaitika na kutoka, ili kaburi lijue limepewa mmoja tu. Asiyeitwa hatoki.

Naogopa, Kitsa. Mtu mzima, mwenye atelier na ndevu, naogopa shimo nitakalolichimba mwenyewe.

Yaya wako,
Gérard


Beni, tarehe 17 mwezi wa tatu 2024

Yaya Gérard,

Utanigombeza, basi nikupe sababu nzuri: nimeipanda.

Nilivaa suruali niliyojishonea mwenyewe, na Yasmine, mke wa Shafii, alicheka mpaka akaketi chini. "Weye utakufa, Kitsa, na hata maiti yako itakuwa na haya!" Kwenye kile kilima cha kutoka mtoni nilichelewa kama wewe, mnyororo ukalia, mbuzi wa watu wakakimbia. Siku ya pili nikabadilisha mapema kama Jéthro, miguu ikazunguka bure, na mama mmoja mwenye ndizi kichwani akanipita akitembea. Akanisalimia kwa huruma. Sasa naelewa kwa nini mlikuwa mnagombana usiku kucha juu ya jambo hili. Ule wakati wenyewe ni mdogo sana.

Nimefika mpaka njia ya Mbau. Tafadhali endelea kusoma.

Kabla ya kufika Mbau, barabara ikiwa tambarare kabisa, kuna kijia upande wa kushoto kinachoingia kwenye kakao, karibu na kichuguu. Mikono yangu miwili ilikuwa kwenye usukani. Nikaona ule mkono wa vitesse unashuka wenyewe, polepole, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa. Tak. Mnyororo ukapanda kwenye pinyo kubwa, miguu ikawa myepesi, kinga ikapunguza mwendo na kutaka kusimama mbele ya kile kijia.

Nikasema ni mimi, ni mtetemeko wa barabara. Nikaurudisha. Siku nyingine nimepita tena, mahali palepale, tak. Na nyingine tena. Njia ya Kasindi yenye mashimo na milima yake nimeijaribu, haujasogea hata kidogo. Ni pale tu.

Mara ya mwisho mama mmoja alikuwa anapalilia karibu na kichuguu. Ameitazama kinga, hakunitazama mimi. Akasema, "Ile kinga naijua," akabeba jembe lake akaingia ndani ya kakao haraka. Nilimwita, hakugeuka. Sikumfuata, nikageuza kinga nikarudi.

Usizike kitu bado.

Kitsa


Butembo, tarehe 21 mwezi wa tatu 2024

Kitsa,

Ulikuwa na akili tangu utotoni, sasa umeziweka wapi? Njia ile hata militaires wenye bunduki wanaipita kwa mafungu, na wewe unaipita na suruali mpya. Nakukataza. Ukirudi huko peke yako nitakuja kuichoma hiyo suruali.

Kuhusu mkono wa vitesse, usinipe hadithi za kuzimu. Kinga ile ni ya zamani, mkono wake unashikwa na skrubu moja tu. Skrubu ikilegea, waya unavuta, mkono unashuka. Chukua kipande cha sarafu, kaza kuelekea kulia mpaka uwe mgumu kwa kidole gumba. Halafu paka mafuta kidogo. Umemaliza, hakuna mzimu.

Hivyo ndivyo ningemwambia mteja. Wewe ni ndugu yangu, nikuambie na lingine. Hujaniambia kwa nini skrubu iliyolegea inachagua mahali pamoja tu.

Na hapa kwetu kuna jambo. Juzi jioni Mama alikuwa na ungo wake wa maharagwe, akainua mkono tunyamaze. "Musikie. Jéthro anapanda." Nilikuwa uani. Sikusikia kitu zaidi ya mipira juu ya changarawe, na nikajiambia ni jirani. Nimetoka mpaka barabarani, hakukuwa na mtu. Lakini mvua ilikuwa imenyesha, na kwenye udongo kulikuwa na mstari wa mpira mwembamba wa kinga ya course, umetoka barabarani mpaka kwenye mlango wa jiko. Haukurudi.

Nimeufuta kwa mguu wangu kabla Mama hajauona. Lakini jana amesikia tena, na leo asubuhi amemwambia Tante Rébecca kwamba amekubali. "Mutoto mwenye iko muzima anaingiaka, anaomba chakula. Huyu wangu anafika, anasimama tu. Anaomba tumulalishe." Alisema hivyo bila kulia, na mimi ndiye niliyelia.

Ni Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka. Catéchiste amekataa kuja, amesema kuzika mgomba si mambo ya parokia. Kama una neno la kusema, liseme kabla ya siku hiyo.

Gérard


Beni, tarehe 3 mwezi wa nne 2024

Yaya, Yaya, Yaya,

Yuko hai. Au alikuwa hai mwezi wa kwanza, na sina sababu ya kufikiri amekufa baadaye. Msizike!

Nilikaza skrubu kama ulivyosema, mpaka kidole kikauma. Pale kwenye kichuguu, tak. Safari hii sikuwa peke yangu, Shafii alikuwa nyuma na lori, ameona kwa macho yake, akasema "Astaghfirullah" na akataka turudi. Nimemwambia anisubiri. Nimeingia kwenye kile kijia na kinga kama ilivyo, na baada ya mizunguko michache ya pedali, nyuma ya kakao, kuna mlima, Yaya. Mlima mkali, wa udongo mwekundu, hauonekani kutoka barabarani. Na mimi nilikuwa tayari kwenye pinyo yake.

Juu kuna kibanda, na ndani yake yule mama wa jembe. Anaitwa Kavuo. Aliogopa, alidhani nimekuja kumshitaki. Anasema siku ya zile risasi kijana alitoka barabarani akapanda kwake na kinga, bila sauti, na alipofika mlangoni akaanguka. Risasi ilikuwa imempita mbavuni. Alimficha chini ya majani ya kakao, akamlaza kibandani mpaka mwaka mpya. "Hakuwa anasema. Macho tu." Halafu wakapita watu wa dispensaire ya masista, ng'ambo ya Oicha, wakambeba kwa machela. Kinga ilibaki. Mwezi wa pili akaona si vizuri kukaa na kitu cha mtu, akaisukuma mpaka kanisani akaiacha. Nimemshukuru kwa "wasingya" mpaka akanisihi ninyamaze.

Nakwenda huko na Shafii, msafara wa magari ukiruhusiwa. Simwambii Mama mpaka nimemshika Jéthro kwa mkono. Nikimpa matumaini na yakawa ya uongo, nitamzika na yeye. Na hata ningetaka kupiga, réseau imekufa hapa tangu Jumatatu.

Kwa hiyo ni wewe. Jifanye una malaria. Ficha majembe. Sema mgomba una wadudu. Sema lolote, lakini Jumamosi usishuke kwenye lile shimo.

Shafii anampa barua hii mwenzake anayepakia leo.

Kitsa


Butembo, tarehe 7 mwezi wa nne 2024

Kitsa,

Tumezika jana. Nilingoja neno lako mpaka asubuhi ya mwisho, lakini wanasema magari yote yamekwama kwenye tope upande wako na hakuna lililofika wiki nzima. Sikulaumu. Nakuandikia kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia.

Mgomba waliufunga kwa shuka yake. Nikashuka, nikalala kando yake, bega kwa bega. Udongo ni baridi kuliko unavyofikiri. Ilikuwa mchana kweupe, na nikamwona Mama amesimama ukingoni na kitenge kichwani. Halafu akaita kwa ile sauti yake ya kutuita kula:

"Jéthro! Lamuka, utoke!"

Tante Rébecca akamshika mkono. "Berthe, haiko ule. Ita Gérard."

"Njo nimeita," Mama akasema. "Nimeita Gérard."

Hakujua, Kitsa. Alikuwa na uhakika kabisa, na hakuna aliyethubutu kubishana na mama anayezika. Wakati wanatazamana, mvua ikaanguka, ile nzito, na wajomba wakanivuta kwa mikono yote miwili kabla shimo halijajaa maji. Wakamwaga udongo. Kila mtu akakimbilia jikoni. Nilitoka bila kuitwa.

Nimejiambia ni mambo ya wazee. Nimejiambia kuwa mimi ni fundi na kitu chochote kina skrubu yake. Lakini leo baada ya misa mteja amesema "Gérard" nyuma yangu mara tatu, na mimi nilikuwa natafuta pamoja naye ni nani huyo anayeitwa. Halafu nimepanda kinga yangu kurudi nyumbani. Chini ya mteremko kidole changu kimesogea chenyewe. Tak. Mapema. Nimepanda mpaka juu bila sauti, mimi ambaye maisha yangu yote nimekuwa nikiamsha mbwa wa mtaa.

Na ndani nimemsikia Mama: "Jéthro anakuya. Mumuwekee chakula."

Amenipa sahani ya Jéthro, ile ya bluu. Nimekula yote.

Gérard


Butembo, tarehe 9 mwezi wa nne 2024

Kitsa,

Barua yako ya tarehe 3 imefika sasa hivi, imelowa, Shafii mwenyewe ameichukua kwa mwenzake kwenye tope. YUKO HAI. Nimecheka peke yangu mpaka wateja wameondoka.

Mama sijamwambia bado, nataka nimshike Jéthro kwanza, kama wewe. Shafii anarudi Beni asubuhi na barua zangu zote mbili, hii na ile ya Jumapili ambayo haikuwa na gari. Amenipa nafasi mbele, nimekataa. Nitatoka kesho nyuma yake na kinga. Usiniambie ni mbali, nimeshaikimbia njia ile mara nyingi. Nataka mlima wa Maboya. Nitaweka pinyo ndogo na kidole nitakikaza kwenye usukani, na nitangoja mpaka mnyororo ulie na mguu uombe msamaha. Nataka nisikie kwa masikio yangu kwamba anayepanda ni mimi.

Weka ugali mwingi. Jioni nipo kwako.

Gérard


Beni, tarehe 10 mwezi wa nne 2024

Yaya,

Sijui barua hii itakukuta wapi, lakini nampa Shafii airudishe njia ileile uliyopita.

Jéthro amelala nyuma yangu hapa, kwenye mkeka, kwangu. Tulimchukua jana kwa masista, mimi na Yasmine, na gari la msafara, maana Shafii alikuwa kwenu. Amekonda, na mkono wake wa kulia unatetemeka, lakini ni yeye, na ameniuliza kama bado nashona vibaya. Sista ameniambia jambo nililolipuuza jana. Tangu wamlete mwezi wa kwanza alikuwa amelala tu, hasemi, analishwa kwa kijiko. Halafu Jumamosi mchana akaketi ghafla, akaweka miguu chini, akasema kwa sauti wodi nzima ikasikia: "Nakuya, Mama." Sista alidhani ni homa.

Leo Shafii amenipa barua zako mbili, nikasoma hiyo ya shimo mara mbili. Jumamosi, mchana. Mama alimwita mtoto aliyelala, na mtoto akaamka. Yule aliyeitwa ametoka. Wewe hujaitwa bado, Yaya.

Umesema jioni upo kwangu. Jua linashuka na ugali umepoa. Shafii anasema alikuona kwenye kioo chake mpaka karibu na Maboya, halafu kona, halafu hakukuona.

Réseau imerudi saa hii. Nimepiga, Mama akapokea, nikampa Jéthro. Sitakuelezea, huwezi kuandika kelele ile. Nilipochukua simu tena nilimwambia: Mama, toka nje, simama mlangoni, umwite Gérard kwa jina lake, sasa hivi. Alikuwa analia na kucheka. "Gérard ametoka na kinga yake asubui. Nitamuita wakati atarudi." Nimemsihi. Amesema ndiyo, ndiyo, lakini majirani walikuwa wanaingia, nikasikia vigelegele, na simu ikakatika.

Popote ulipo, geuza. Usije kwangu, rudi nyumbani, simama mbele ya Mama, umwambie akuite. Sisi tutakuja na lori.

Kitsa wako


Butembo, tarehe 2 mwezi wa sita 2024

Kitsa, mdogo wangu,

Usicheke mwandiko, mkono bado unacheza. Tangu urudi Beni kwenye cherehani yako nimekuwa nikitaka kukuandikia, lakini nilikuwa nangoja niwe na habari nyingine ya kukupa. Sina.

Barua yako ya mwisho kwa Gérard iko atelier, juu ya debe la grisi, haijafunguliwa. Shafii aliiweka pale alipoleta kinga ya Gérard. Ulikuwepo ilipopatikana, lakini ulikuwa unalia na hukuitazama vizuri, basi nikuambie nilichokiona mimi. Ilikuwa katikati ya mlima wa Maboya, imeegemezwa kwenye mkaratusi. Bila damu, mipira ina upepo. Na mnyororo ulikuwa kwenye pinyo ndogo ya tambarare, pale juu, mahali ambapo mtu yeyote mwenye magoti angekuwa ameshabadilisha zamani. Kwa hiyo huyo alikuwa Gérard, Kitsa. Hakuna mwingine duniani anayeweza kuwa mkaidi hivyo. Mama mmoja anayeuza nyanya pale ameniambia alisikia mnyororo unalia, unakuja, akainua kichwa amsalimie mtu, na kilio kikakatika. Barabarani hakukuwa na mtu.

Tumemtafuta kila bonde, wajomba, wateja wake, hata catéchiste. Unajua.

Sasa kila jioni mnyororo unalia hapa. Unaanzia chini kwenye daraja, unapanda mteremko, unalia vibaya, mtu angefikiri utakatika, na karibu na jiko unanyamaza. Mimi pia nausikia. Mama anaweka ungo chini, anatoka mlangoni, anaita, "Gérard! Gérard, kuya!" Hachanganyi tena. Mimi haniiti kwa jina lolote, anaogopa ulimi wake, akinihitaji ananigusa begani. Nimemwambia, Mama, uniite tu, mimi nimeshatoka. Anatikisa kichwa.

Leo Tante Rébecca amekuja na panga. Ameshachagua mgomba, ule wa nyuma ya jiko, na anasema tumalize kabla ya kiangazi. Anasema kwa nia njema, na yeye pia amekonda. Safari hii ningeshuka mimi, nilale kando yake, na Mama angesimama juu kuchagua jina. Mama alinitazama, akaziba mdomo kwa kitenge, na mimi pia niliogopa sana.

Nimekataa, Kitsa, na nimechukua lile panga mkononi mwake. Mimi mlinizika mapema, na mapema ndiyo tabia yangu, basi labda ndiyo maana nilirudi. Gérard hakubadilisha mapema hata siku moja maisha yake yote. Huyo anafika wakati kila mtu ameshasema mnyororo umekatika. Tutamngoja kwa namna yake mpaka miguu yetu yenyewe ilie. Ule mgomba nimeuwekea mti wa kuuegemeza, una mkungu unaotoka, na Tante ameambiwa atakula ndizi zake.

Jioni imeingia. Mama ameinua mkono tunyamaze, na chini kwenye daraja mnyororo umeanza kulia. Naacha kalamu hapa. Ninatoka naye, tuite wote wawili.

Yaya wako,
Jéthro